Kutega koyoti majira ya baridi: je, kunaokoa kulungu?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, ninaishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Mimi na shemeji yangu tumenunua msitu wa ekari 60 kaskazini, kaunti ya Aroostook, na kila Novemba tunawinda huko kwa leseni. Kulungu wamepungua sana. Februari iliyopita tulikuta mzoga wa jike kwenye theluji, umezungukwa na nyayo za koyoti. Jirani anasema tuwatege koyoti majira haya ya baridi, na yuko tayari kutuazima mitego. Tukifanya hivyo, kulungu watarudi?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongereni kwa kupata ardhi. Nianze na jibu lenyewe. Mkitega vuli na mwanzo wa baridi, kama sheria ya Maine inavyoruhusu, mtapata ngozi nzuri, lakini sitarajii kulungu wenu waongezeke kwa sababu hiyo. Koyoti anaua kulungu, hilo halina ubishi, na anaua watoto zaidi kuliko wakubwa. Tatizo ni kwamba mitego ya Desemba haimfikii yule koyoti atakayekuwa pale Juni, na kaskazini mwa Maine kulungu wana shida kubwa kuliko koyoti. Nitaeleza yote mawili, kisha nitakuambia namna ya kutega vizuri kama bado mtataka.

Kwa wasomaji wasiomjua mnyama huyu: koyoti ni ndugu wa bweha na mbwa mwitu. Bweha wa Serengeti wanaomkimbiza mtoto wa swala tomi wakiwa wawili, mmoja akimvuta mama pembeni na mwingine akichukua mtoto, wanafanya kazi ileile anayoifanya koyoti kule. Asili yake ni nyanda za magharibi mwa Amerika Kaskazini. Wazungu walipomaliza mbwa mwitu na kufyeka misitu ya mashariki, koyoti akapata njia. Alifika Maine katika miaka ya 1930, na kufikia miaka ya 1970 alikuwa ameenea jimbo zima. Safarini alichanganya damu na mbwa mwitu wa Kanada, ndiyo maana koyoti wa mashariki ni mkubwa kuliko wa magharibi: wengi wana kilo 14 hadi 20. Mwili huo unamwezesha kumwangusha kulungu mzima, hasa theluji ikiwa nzito.

Sasa huo mzoga wenu wa Februari. Nyayo kuzunguka mzoga zinakuambia nani alikula. Nani aliua ni swali jingine. Koyoti ni mla mizoga hodari, na kulungu aliyekufa kwa njaa au kwa risasi iliyomjeruhi Novemba ataliwa vilevile. Mkikuta mzoga mwingine, angalieni njia aliyopita kabla ya kuanguka: kulungu aliyekimbizwa anaacha alama za miruko mirefu, manyoya yaliyonyofoka na damu iliyotawanyika. Chuneni ngozi ya shingo na koo. Meno yaliyomuuma akiwa hai huacha damu iliyovilia chini ya ngozi. Aliyeumwa akiwa amekwisha kufa hana damu hiyo. Halafu vunjeni mfupa wa paja mtazame uboho. Ukiwa mweupe na mgumu kama samli iliyoganda, mnyama alikuwa na akiba ya mafuta. Ukiwa mwekundu na wa kuteleza, alikuwa anakufa njaa, na koyoti alimalizia tu kilichokuwa kimeanza. Wawindaji wengi hawafanyi ukaguzi huu wa dakika kumi, na matokeo yake kila mzoga unaandikwa kwenye hesabu ya koyoti.

Turudi kwenye kalenda, kwa sababu hapo ndipo mpango wa jirani yenu unapokwama. Kulungu wa mkia mweupe hupandana Novemba. Mimba huchukua siku kama 200, hivyo watoto wanazaliwa mwisho wa Mei na Juni. Wiki zao za kwanza wanalala wamejificha, karibu hawana harufu, mama anakuja kunyonyesha na kuondoka. Huo ndio muda ambao koyoti anawapata wengi. Koyoti naye hupandana kati ya Januari na Machi, anabeba mimba siku 63 hivi, anazaa Aprili au Mei. Kwa hiyo watoto wa kulungu wanapodondoka Juni, jozi ya koyoti ina vinywa vitano au sita vya kulisha pangoni. Watafiti waliofanya kazi Wyoming mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliona kwamba koyoti walioondolewa watoto walipunguza sana kuua kondoo. Njaa ya watoto ndiyo inayowasukuma wazazi.

Linganisha na Desemba. Kati ya Oktoba na Januari koyoti vijana wanafukuzwa au wanaondoka wenyewe kwa wazazi, na wanatangatanga mamia ya kilomita wakitafuta eneo lisilo na mwenyewe. Ukiua jozi yenye himaya wakati huo, unatangaza kwamba kuna nafasi. Wanaozurura wanaisikia nafasi hiyo kwa mikojo isiyoonekana tena njiani na milio isiyojibiwa usiku. Kufika Februari wamekwisha kuhamia, wamepandana, na Juni wanawinda. Na tazameni ukubwa: ekari 60 hazifiki hata robo ya kilomita ya mraba, wakati jozi moja ya koyoti inaweza kutawala kilomita za mraba 20, 40 au zaidi. Msitu wenu ni kona ya himaya ya mtu mwingine. Mnaweza kutega mpaka mchoke na bado mnavuna wapita njia.

Jaribio ninalolirejea mara kwa mara ni la Savannah River Site, ardhi ya serikali kuu huko South Carolina. Koyoti ni mgeni kule pia. Kuanzia 2006 hadi 2009 wanabiolojia waliwafunga vifaa vya redio watoto wa kulungu, wakagundua kwamba ni kama 23 tu kati ya 100 walioishi, na koyoti ndiye muuaji mkuu. Wakaleta wategaji wa kazi hiyo, wakatega kati ya Januari na Aprili, karibu kabisa na msimu wa kuzaa, katika maeneo matatu yenye kilomita za mraba 32 kila moja. Kwa miaka mitatu, 2010 hadi 2012, waliondoa koyoti 474 na kupunguza idadi yao kwa asilimia 78. Mwaka wa kwanza watoto walioishi walipanda hadi 51 kwa 100. Mwaka wa pili wakaanguka hadi 20, chini ya walipoanzia. Mwaka wa tatu 43. Na kila mwaka wategaji walilazimika kuanza upya, kwa maana koyoti walikuwa wamerudi.

Soma takwimu hizo kwa uangalifu, maana watu huchukua ile 51 wakaacha ile 20. Kutega kunaweza kusaidia, ndiyo. Kunasaidia kukifanywa mwishoni mwa baridi, na wataalamu, kwenye eneo kubwa, kila mwaka, na hata hivyo kuna mwaka hakukusaidia kabisa. Idaho walijaribu pia, kwa kulungu wa magharibi, kuanzia 1997 hadi 2003, wakipunguza koyoti na simba wa milimani (puma). Hitimisho lao lilikuwa kwamba faida ni ndogo na ya muda mfupi, na kwamba hali ya hewa ya baridi ilikuwa na nguvu zaidi juu ya idadi ya kulungu. Utah wao walipitisha sheria 2012 ya kulipa dola 50 kwa kila koyoti anayeuawa ili kumlinda kulungu. Mimi siamini katika malipo ya namna hiyo, kwa sababu mtu anaua pale panapofikika kwa gari na sio pale kulungu wanapozalia, na anaua mwezi unaomfaa yeye. Hesabu ya mwaka 1975 kutoka Chuo Kikuu cha California ilionyesha kwamba ili kuwamaliza koyoti ungelazimika kuua asilimia 75 yao kila mwaka kwa zaidi ya miaka 50. Wakipungua, majike huzaa watoto wengi zaidi na wengi zaidi kati yao huishi.

Jambo jingine: koyoti hayuko peke yake. Utafiti wa Pennsylvania wa 2000 na 2001 ulikuta dubu weusi wakiua watoto wa kulungu karibu sawa na koyoti. Maine ina dubu wengi, na paka-mwitu wa mkia mfupi wapo. Ukimwondoa mmoja, sehemu ya watoto uliowaokoa inaishia kwa mwingine.

Lakini ningekuwa na ekari hizo 60, nisingelala nikiwaza meno ya mnyama yeyote. Ningewaza paa la msitu, yaani matawi yanayofunika juu. Aroostook iko ukingoni kabisa mwa nchi ambayo kulungu wa mkia mweupe anaweza kuishi. Theluji ikipita sentimita 40 hivi anaanza kuzama kifuani, kila hatua inamla mafuta, na chakula kilichobaki ni vijiti visivyolipa nguvu anayotumia kuvifikia. Kulungu wa kaskazini hupoteza asilimia 15 hadi 30 ya uzito wake kabla ya majira ya kuchipua hata mwaka wa kawaida. Anachofanya ili aishi ni kuhamia kwenye maficho ya baridi: mabonde yenye mierezi na miti mingine ya jamii ya misonobari, mirefu na iliyoshikana, ambayo matawi yake hushika theluji juu na kukata upepo. Chini ya paa hilo theluji ni nyembamba, njia zilizokanyagwa na kundi hubaki wazi, na matawi ya mierezi pamoja na ndevu za miti zinazodondoka huwa chakula. Vizazi na vizazi hurudi bonde lilelile.

Maficho hayo yamepungua mno. Katika miaka ya 1970 na 1980 viwavi waharibifu wa misonobari walishambulia misitu ya Maine, na kampuni za mbao zikafyeka maeneo makubwa kuwahi miti kabla haijaoza. Mabonde mengi ya kulungu yalikwenda na miti hiyo. Idara ya wanyamapori ya jimbo hupima kila wiki, Desemba hadi Aprili, kina cha theluji, kina ambacho kulungu anazama, na baridi, kwa kuwa vipimo hivyo vinatabiri vifo kuliko kitu kingine. Kusini kwenu, pande za Lewiston na Portland, koyoti wapo tele na kulungu wapo tele, hadi miji mingine inalalamika wamezidi. Tofauti ya kusini na kaskazini ni theluji na mahali pa kujificha.

Hapo koyoti na msitu vinakutana. Mwishoni mwa Februari na Machi, theluji inayeyuka mchana na kuganda usiku, ikifanya ganda gumu juu. Koyoti, mwepesi na mwenye nyayo pana, anakimbia juu ya ganda. Kwato za kulungu zinalitoboa. Chini ya mierezi mizee ganda hilo ni dhaifu na njia zimekanyagwa, kulungu ana pa kukimbilia. Kwenye msitu uliofyekwa hana. Ukiwa na paa zuri, koyoti walewale wanaua wachache. Na jike aliyemaliza baridi akiwa na nguvu anazaa mtoto mzito, mwenye kusimama mapema na mama mwenye maziwa. Huyo ana nafasi nzuri zaidi mbele ya koyoti Juni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza: tembeeni msitu wenu Februari, kwa viatu vya theluji, polepole na mara chache ili msiwashtue, mtafute njia zilizokanyagwa, matawi yaliyoliwa hadi kimo kimoja, na malazi. Mkikuta, msikate mti hata mmoja wa kijani hapo kabla hamjaongea na mwanabiolojia wa idara katika kanda yenu. Wana utaratibu wa kushauri wenye ardhi, na ofisi ya misitu ya jimbo pia ina wataalamu wanaotembelea watu bila malipo. Kipimo wanachotumia ni miti ya mita kumi hivi au zaidi kwa urefu, yenye kufunika asilimia 70 ya anga. Kuni na mbao zenu kateni kwenye miti ya majani mapana iliyo kando ya maficho, vipande vidogo vidogo, na mkate wakati wa baridi: vilele vinavyoanguka ni chakula papo hapo, na machipukizi ya miaka inayofuata ni chakula tena. Ongeeni na majirani pia, maana bonde halijui mipaka ya hati. Jirani mwenye mitego nzuri huenda ndiye mwenye nusu ya mierezi.

Tuje kwenye mitego. Mkitaka kutega kwa ajili ya ngozi, au kupunguza shinikizo mwaka mmoja mgumu, ni haki yenu kisheria. Mtegaji mpya Maine lazima apite mafunzo ya utegaji na awe na leseni, na kila mtego uwe na jina na anwani ya mwenyewe. Msitege kwa leseni ya jirani. Msimu wa kutega koyoti huanza Oktoba na kufungwa 31 Desemba. Someni kitabu cha sheria cha mwaka husika. Tanzi za waya wekeni mbali na mawazo yenu. Anayetoka karibu na hifadhi zetu anajua tanzi inavyomkata mnyama ambaye hakukusudiwa, na Aroostook ni nchi ya linksi wa Kanada, aina ya paka-mwitu, aliyewekwa na serikali kuu kwenye orodha ya wanaolindwa tangu 2000. Kanuni za mitego huko ni kali kwa sababu yake.

Tumieni mtego wa kushika mguu, wenye nafasi ya sentimita 13 hivi kati ya taya, taya nene zisizogusana zikifunga, na mnyororo mfupi wenye viungo kadhaa vinavyozunguka ili mguu usipindwe. Sahani ya kukanyagia ikazwe kiasi cha kubeba kilo moja au mbili bila kufyatuka. Kindi na wanyama wadogo kama yeye watapita salama. Chemsheni mitego kuondoa harufu ya kiwanda, muipake nta, na muishike kwa glavu safi tu. Mahali pazuri ni pale njia mbili zinapokutana au ukingo wa uwazi, upande unaotoka upepo, shimo dogo lenye harufu, na mtego mbele ya mdomo wa shimo sentimita 20 hivi. Msiweke nyama inayoonekana kutoka juu, kwani tai watakuja, na sheria inakataza.

Adui mkubwa wa mtegaji wa baridi ni maji yanayoganda. Udongo ukilowa mchana na kuganda usiku, mtego unakuwa jiwe. Wategaji wa kule hukusanya udongo mkavu kwenye ndoo tangu Septemba, wengine huuchanganya na nta iliyoyeyushwa ili usinywe maji, na hutandika nyasi kavu chini ya mtego. Chumvi ya mezani hula chuma na huwavuta wanyama wengine, iacheni.

Kagueni mitego kila siku, asubuhi na mapema. Mkiishi Lewiston na mitego iko Aroostook, safari ni ya saa nyingi kila upande. Hamwezi kukagua kila siku, basi msitege. Hilo kwangu halina mjadala, kwa sababu mnyama anayekaa siku mbili mguuni kwenye baridi ya chini ya sifuri anateswa, na mbwa wa mtu naye hukamatwa. Mbwa mkimkuta, mfunikeni kichwa kwa koti zito, kanyageni springi mbili za mtego, mwachieni. Koyoti apigwe risasi moja ndogo ya kichwani, bila kuchelewa.

Kama lengo ni watoto wa Juni na si ngozi, kuna njia inayoendana zaidi na kalenda. Kuwinda koyoti kwa bunduki Maine kunaruhusiwa mwaka mzima, isipokuwa Jumapili, ambapo hakuna kuwinda chochote. Usiku una kibali chake na tarehe zake. Mwishoni mwa Februari hadi mapema Aprili, kaeni pembeni ya maficho ya kulungu, si ndani yake, na mwite kwa mlio wa koyoti mgeni au sungura anayelia. Jozi yenye himaya hutoka kumfukuza mgeni. Jozi hiyo ndiyo mnayoitaka, na nafasi yake ina muda mfupi wa kujazwa kabla ya Juni. Ikifika mwisho wa Aprili acheni, maana jike atakuwa na watoto pangoni watakaokufa kwa njaa, na sioni kulungu wa ekari 60 wakihalalisha hilo.

Mwisho, msiwapelekee kulungu mahindi, hata mkiwahurumia. Tumbo la kulungu wa Februari limezoea vijiti. Mahindi mengi ghafla huchachuka ndani na kumuua akiwa ameshiba. Tena rundo la chakula linawakusanya mahali pamoja nje ya mierezi, na koyoti hujifunza njia hiyo ndani ya siku chache. Mkitaka kulisha, chukueni msumeno Januari muangushe miti michache ya majani mapana karibu na njia zao, muache vilele vilivyoangukia.